Ruzuku ya chuo si sanduku jekundu: pesa na walezi wa miradi ya wanafunzi Bukavu

Ukikulia Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unaijua muso, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kabla hujajua kugawanya. Mama anatoka jioni, pesa amezifunga fundo kwenye pembe ya kitenge, anakwenda kukaa na wenzake uani kwa mmoja wao, na mbele yao kuna masanduku. La kijani ni la kukopeshana: unachukua, unafanya biashara, unarudisha pamoja na riba kidogo. Jekundu ni la matatizo. Mtoto amelazwa, nyumba imeungua, kuna msiba. Unapewa na hakuna atakayekudai. Muso zilizokomaa zina sanduku la bluu pia, la pesa inayotoka nje ya kikundi, na pesa hiyo huja na masharti yake.

Nimeanza na masanduku haya kwa sababu naamini ndiyo yanayowapoteza wanafunzi wetu wanapoomba ruzuku ya chuo kwa ajili ya mradi wa kijamii. Mimi ni mkuu wa kazi chuoni (chef de travaux, mwalimu wa ngazi iliyo chini ya profesa), wanafunzi wanatuita CT, na nimekaa mara kadhaa kwenye meza ya watu wanaosoma maombi hayo. Maombi mengi yanayoanguka yameandikiwa sanduku lisilo lake. Mengine yanaliita jekundu: "Sisi wanafunzi wa mkoa uliochoshwa na vita, tusio na msaada wowote…" Kurasa tatu za mateso, yote ya kweli kabisa, na mstari mmoja tu juu ya kazi itakayofanyika. Mengine yanaahidi la kijani: faida kuanzia mwezi wa tatu, ajira kwa vijana mia moja, mtaji kujizidisha mara mbili. Msomaji anabaki na kalamu mkononi, maana hakuuliza habari ya shida wala ya faida.

Ruzuku ni pesa isiyorudishwa, lakini haitolewi bure. Inatolewa ili kupata jibu. Chuo kinawaambia wanafunzi: mnadhani jambo fulani linawezekana katika mtaa fulani, hii hapa pesa ya kulijaribu kwa miezi michache, mtuletee kilichotokea, kiwe kizuri au kibaya. Kinachorudi chuoni ni ujuzi. Ukilielewa hilo, vipengele vingine vyote vya fomu, hata vile vinavyoonekana kama usumbufu mtupu, vinaanza kuwa na maana.

Vijana wanachanganya ruzuku na pesa nyingine zinazotangazwa kwenye simu zao kila wiki, na sishangai, maana zote zinaitwa "msaada wa miradi". Hult Prize, shindano la wanafunzi wa vyuo vikuu duniani, limejulikana kwa zawadi yake ya dola milioni moja kwa timu inayoshinda. Hiyo ni zawadi: mmoja anapanda jukwaani, wengine wanarudi nyumbani na uzoefu. Wakfu wa Tony Elumelu wa Nigeria, ulioanzishwa mwaka 2010, huwapa wajasiriamali wa nchi zote za Afrika dola 5,000 zisizorudishwa baada ya mafunzo, lakini unataka biashara, yenye faida. Taasisi za mikopo midogo zinakopesha, na huko lazima urudishe hata mradi ukifa. Ruzuku ya chuo ni ndogo kuliko karibu zote hizo, mara nyingi mamia ya dola au elfu chache, na haihitaji uwe na kampuni, wateja wala dhamana. Inachohitaji ni swali zuri, na kuandika swali zuri ni kugumu kuliko watu wanavyofikiri.

Kabla ya swali lenyewe, nieleze kwa nini chuo kinajiingiza katika mambo haya, maana wazazi wanaouliza "si mngesoma kwanza?" wana haki ya kujibiwa. Elimu ya juu ya Kongo ina majukumu matatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. La kwanza linafanyika kila siku, la pili pesa zikipatikana, la tatu kwa miaka mingi limebaki kwenye hotuba za kufungua mwaka. Mfumo wa LMD, wa shahada tatu (licence, master, doctorat), ulioenea katika vyuo vyetu tangu mwaka 2021 umeongeza msukumo, kwa kuwa unataka mwanafunzi atoke na uwezo wa kufanya kitu, asitoke na maelezo ya daftari pekee. Lakini vyuo vyetu vinaishi kwa minervali za wazazi, yaani ada za masomo, wala si siri kwamba minervali hailipi majaribio. Kwa hiyo pesa ya ruzuku mara nyingi hutoka kwa mshirika wa nje: chuo kikuu rafiki, mtandao kama AUF, yaani shirika la vyuo vinavyotumia Kifaransa lililoanzishwa Montréal mwaka 1961, au ushirikiano wa Ubelgiji kama VLIR-UOS, ambao umefanya kazi kwa miaka mingi na Université catholique de Bukavu. Hilo lina maana moja kubwa kwa mwanafunzi. Chuo chenyewe kinadaiwa hesabu na mtu wa mbali. Mhasibu anayekukatalia karatasi yako hajakuchukia. Kesho naye atakaa mbele ya mkaguzi.

Sasa swali. Mfano ninaoupenda hautoki Kivu, lakini nautumia kila mwaka. Mwaka 1976 Muhammad Yunus alikuwa mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, Bangladesh. Karibu na chuo kuna kijiji kinaitwa Jobra. Alikuta pale wanawake wanaotengeneza vigoda vya mianzi kwa mianzi ya kukopa, na anayewakopesha ndiye anayewapangia bei ya kununua vigoda, kwa hiyo jioni wanabaki na senti. Hakuandika mradi wa kuondoa umaskini wa Bangladesh. Alimwomba mwanafunzi wake azunguke kijijini na kuorodhesha watu wote walio katika hali ile na wanadaiwa kiasi gani. Orodha ilirudi na watu 42, na deni lao wote kwa pamoja lilikuwa taka 856 za pesa ya Bangladesh, kama dola 27. Akatoa pesa hizo mfukoni mwake ili aone kitakachotokea. Benki ya Grameen iliyozaliwa humo ilipata hadhi ya benki mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo walipewa Nobeli ya Amani. Tazama ukubwa wa jaribio la kwanza: dola 27, kijiji kimoja, orodha ya mwanafunzi mmoja. Swali lilikuwa hili tu: hawa wakipata pesa bila kufungwa na mkopeshaji, watarudisha?

Huo ndio ubunifu wa kijamii: njia mpya ya kutatua tatizo la watu wengi, ambayo manufaa yake makubwa yanabaki kwa watu hao hao. Si lazima iwe mashine, wala programu ya simu. Muso yenyewe ni ubunifu wa kijamii, na wa hali ya juu.

Turudi nyumbani. Bukavu imekaa kwenye miteremko, na mvua ikinyesha, kila kilichotupwa Kadutu, sehemu ya mji iliyo juu, kinashuka: kwenye mitaro, kwenye mto Kawa, ziwani, halafu mkondo wa mto Ruzizi unakikokota hadi bwawa la Ruzizi I, linalotupa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950. Chupa za plastiki zinakwenda kuziba kwenye mitambo, na mafundi wa SNEL, shirika la umeme la taifa, wanalazimika kuisimamisha ili watoe takataka. Unapokaa gizani Nguba au Panzi, huenda kinachokukalisha gizani ni chupa ya maji uliyoitupa wewe mwenyewe wiki iliyopita. Karibu kila mwaka kuna kikundi kinacholeta mradi juu ya jambo hili, na karibu kila mara kichwa chake ni "Kulinda Ziwa Kivu dhidi ya plastiki".

Hilo si swali, ni dua. Dola elfu moja hazilindi ziwa. Kikundi kilichonifurahisha zaidi kilikuja na hili: je, nyumba thelathini za kichochoro kimoja Kadutu zitatenga chupa kwenye gunia lake kama kuna mtu anapita kulichukua mara mbili kwa wiki, bila kulipwa chochote? Na kama hazitatenga, zitatenga zikilipwa franka ngapi kwa gunia? Swali la hivyo lina mahali, lina idadi, lina muda, na linaweza kujibiwa "hapana". Mwanafunzi anayeogopa jibu la "hapana" hajaelewa bado kwamba chuo kinalipia jibu, liwe lipi.

Niseme sasa juu ya mlezi wa mradi, kwa sababu hapo ndipo ruzuku inapofaulu au kuharibika, na hapo ndipo desturi zetu zinapotuponza.

Mwanafunzi wa Kongo amezoea msimamizi wa TFC au wa memwari, yaani kazi za utafiti za kumalizia masomo. Huyo anakuamuru: badilisha kichwa, ongeza kurasa, leta sura ya pili. Wewe unaitika "Ndiyo, Prof" na unarudi hosteli. Mlezi wa mradi wa kijamii anatakiwa kuwa kinyume cha hayo karibu yote. Kazi yake ni kuuliza mpaka ninyi wenyewe mwone shimo mlilokuwa mkilikwepa. Mmezungumza na nani? Wangapi? Walisema nini kwa maneno yao wenyewe? Nani atakasirika mradi huu ukifaulu? Huyo wa mwisho anasahaulika sana. Mkileta njia mpya ya kubeba takataka, kuna kijana aliyekuwa akilipwa kuzibeba usiku kwenda kuzimwaga bondeni, naye ana familia.

Mlezi haandiki maombi yenu. Akiyaandika, mtatetea mbele ya kamati mradi msioujua, na kamati inaona baada ya swali la pili. Mlezi hagawi pesa, wala halipwi kutoka kwenye bajeti yenu isipokuwa chuo kimeandika hivyo mapema na kiasi kinajulikana. Nasema hivi waziwazi kwa sababu neno matabishi, yaani hongo, tunalijua sote, na hakuna mstari wa matabishi katika bajeti ya ruzuku. Mtu akikudai asilimia ili asaini, mwambie mratibu wa mpango, kwa maandishi ikiwezekana.

Tena mlezi mmoja hatoshi. Wa chuoni anajua mbinu ya kuuliza na kupima. Hajui bei ya ndoo ya mkaa sokoni Nyawera leo asubuhi. Tafuteni wa pili nje ya ukuta wa chuo: fundi, muuguzi wa kituo cha afya, mama wa soko. Asiwe mapambo ya fomu. Mpeni siku yake, mwendeeni alipo, mumsikilize kama mnavyomsikiliza profesa.

Nilijifunza hili kwa kikundi cha makala ya takataka. Kwa msomaji wa nje: huku Kivu makala ni mkaa, na jiko la mkaa tunaliita mbabula. Sehemu kubwa ya mkaa unaoingia mjini inatokana na miti inayokatwa kwenye vilima vinavyotuzunguka, na mingine inatoka ndani ya Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970 na urithi wa dunia tangu 1980. Wanafunzi watano walitaka kutengeneza makala kwa maganda ya ndizi, ya viazi na vumbi la mkaa linalobaki chini ya magunia ya wauzaji. Wazo si geni, limejaribiwa miji mingi. Swali lao lilikuwa kama wapishi wa Kadutu wangeyatumia.

Mlezi wao wa nje alikuwa mama anayeuza maharage ya kupikwa. Siku ya kwanza nilikwenda nao. Msichana wa kikundi alimwekea mbele mfuko wa makala yale, meusi, ya mviringo, mepesi kuliko yanavyoonekana.

"Mama, tunaomba utujaribie hii kwenye mbabula yako."

"Weka hapo, mwanangu. Jioni utanikuta."

Jioni tulimkuta ameshafuta sufuria. Akatuonyesha majivu kwanza, hakuanza na maneno. Yalikuwa mengi, ya kijivu, yamejaza tundu la chini la mbabula mpaka hewa haipiti.

"Inawaka. Moshi haina, hapo nawasifu. Lakini maharage yangu yanataka moto masaa matatu. Hii saa moja na nusu imekufa. Niache wateja wamesimama nikapange moto upya?"

Vijana walirudi wameinamisha vichwa. Mmoja alisema tuandike kwamba wapishi wanahitaji kuhamasishwa. Hapo mlezi wa chuo ana nafasi ya kuharibu au kujenga. Neno "kuhamasisha" ndilo tunalolikimbilia kila watu wanapokataa kitu chetu, na maana yake ni kwamba wao ndio wakosefu. Niliwauliza swali moja: nani mjini hapa anapika chakula kinachoiva chini ya saa moja? Walinyamaza, halafu wakaanza kusemeana wote kwa wakati mmoja. Wanaokaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Wanaochoma mahindi. Wenye chai na mandazi asubuhi. Swali lilikuwa limebadilika, na mradi ulikuwa hai tena, bila dola moja kuongezwa.

Sasa pesa yenyewe, kwa utaratibu inavyotoka. Ruzuku haitoki yote siku moja. Tuseme mmepewa dola 1,500. Mgawanyo wa kawaida ni kama 600 mwanzoni, 600 mkishaleta taarifa ya kati na karatasi za matumizi, 300 mwishoni, na hizo za mwisho mara nyingine zinalipwa baada ya kazi, kwa hiyo lazima mjue mtazitoa wapi kwanza. Wanafunzi wanaona awamu hizi kama dharau. Zina kazi mbili. Ya kwanza ni kumlinda mtoaji. Ya pili, ambayo ni muhimu zaidi, ni kuwapa ninyi ruhusa ya kubadili mwelekeo: kati ya awamu ya kwanza na ya pili mnaweza kuandika barua ya kuomba kuhamisha pesa kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Iandikeni kabla ya kutumia. Barua ya sentensi nne iliyopelekwa mapema imeokoa miradi mingi kuliko taarifa ya kurasa arobaini iliyokuja baadaye na maelezo.

Karatasi za matumizi ndizo zinazowatoa watu machozi. Bajeti imeandikwa kwa dola, soko linauza kwa franka, na kati yake kuna mvunja pesa wa barabarani ambaye hatoi karatasi. Andikeni kiwango cha siku ile ile mliyovunja. Dola 50 kwa kiwango cha 2,800 ni franka 140,000. Kwa kiwango cha 2,700 ni 135,000. Na hizo 5,000 zisipoelezwa zinasomeka kama wizi. Kisha muuzaji. Kikundi kile cha makala kilinunua chekeche kwa fundi wa bati Kadutu, na walipomwomba risiti alichana pembe ya mfuko wa sementi uliokuwa miguuni pake, akaandika kwa kalamu ya seremala: Chekeche 1, 14,000 FC. Waliibandika kwenye daftari na kuipeleka. Ilikataliwa.

Ilikuwa haki kukataliwa, na ilikuwa rahisi kuzuia. Kipande kile hakikuwa na tarehe, jina, wala sahihi. Tangu hapo kila kikundi ninachokilea kinakwenda sokoni na daftari lake la risiti lenye nakala, kimeshaandika kichwa: tarehe, kitu, idadi, bei, jina la muuzaji, simu yake, sahihi au kidole gumba. Mwanafunzi anajaza, muuzaji anasaini, na picha ya kitu inapigwa pale pale. Mwenye pikipiki aliyewabeba naye anasaini. Wahasibu wengi wanakubali karatasi ya hivyo kwa manunuzi madogo, lakini waulizeni kabla ya kununua kitu chochote, na waulizeni kikomo chake ni kiasi gani.

Kuna jambo la mji wetu lisilokuwemo kwenye mwongozo wowote. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, benki zilifunga milango, na miradi iliyokuwa na pesa kwenye akaunti ikabaki inaangalia namba tu. Watu wakahamia kwenye M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, wengine wakivuka Ruzizi kwenda Kamembe, Rwanda, kutafuta njia. Kutuma kwa simu kuna ada, kutoa kuna ada, na pesa taslimu ikiadimika wakala anaongeza yake juu. Wekeni ada hizo kwenye bajeti kama mstari wenye jina lake. Na pesa ya kikundi isikae kwenye simu ya mtu mmoja bila wengine wawili kuona ujumbe wa kila muamala. Nimeona urafiki wa miaka minne ukivunjika kwa sababu ya simu iliyoibwa ambayo hakuna aliyeweza kuthibitisha kilichokuwa ndani.

Kalenda nayo inataka kuangaliwa kwa jicho la mkulima. Mvua za Bukavu zinaanza Septemba na kuendelea mpaka Mei. Kiangazi ni Juni, Julai na Agosti, miezi ambayo wanafunzi wako kwenye mitihani au wamekwenda likizo kwao. Ruzuku nyingi zinatoka mwaka wa masomo unapoanza. Kwa hiyo mradi wowote unaohitaji jua, tofali, kukausha chakula, kukausha makala, unapata pesa yake mvua inapoanza. Wasiofikiria hili wanaandika "kukausha: siku tatu" na wanagundua mwezi wa Novemba kwamba siku tatu zimekuwa kumi na mbili.

Juu ya hati za kisheria nitapita haraka, kwa kuwa watu wanazihangaikia mapema mno. Ili kupata ruzuku ya chuo huhitaji kuwa na asbl, yaani shirika lisilo la faida lililosajiliwa. Pesa inapitia kwenye akaunti ya chuo, na chuo ndicho chenye hadhi ya kisheria. Mradi ukisimama miguu yake, ndipo mnachagua: asbl chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ambayo hadhi yake ya kisheria inatolewa na waziri wa sheria, au ushirika au kampuni chini ya kanuni za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika yenye sheria za pamoja za biashara, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2012, kupitia dirisha moja la kusajili biashara. Kikundi kinachotumia miezi sita ya kwanza kutafuta mihuri kinakuwa na mihuri mizuri bila mradi.

Lakini hati moja iandikeni siku ya kwanza, ukurasa mmoja, mkiwa bado mnapendana. Wazo ni la nani. Takwimu mtakazokusanya ni za nani. Mlezi akitaka kuandika makala ya kisayansi kutokana na kazi yenu, majina yenu yatakuwa wapi. Mmoja akihitimu au akihama mji, anaondoka na nini. Vifaa vitabaki kwa nani mwisho wa ruzuku, kikundi, chuo au mtaa. Profesa mwenye heshima zake hatakasirika kuulizwa haya. Namna ya kuuliza ipo: "Prof, tunaomba utusaidie kuandika hili ili baadaye tusije kukukosea heshima kwa kutojua." Mimi mwenyewe niliulizwa hivyo na kijana wa mwaka wa pili, na nilikaa naye mpaka saa kumi na mbili jioni tukaimaliza.

Kikundi cha makala kilifika kwenye taarifa ya kati mwishoni mwa Novemba. Walikuwa na matokeo mabaya matatu: maharage hayaivi, makala hayakauki, na wauzaji wa vumbi la mkaa wameanza kulitoza baada ya kuona kwamba kuna watu wanaolitaka. Msichana yule alikuja ofisini na rasimu.

"CT, tukiandika ukweli huu si watatukatia awamu ya pili?"

Nilimwambia aandike yote matatu kwenye ukurasa wa kwanza, kila moja na namba yake: masaa mangapi, siku ngapi, franka ngapi kwa gunia. Chini yake waandike wanachotaka kujaribu sasa na kwa nini, na barua ya kuhamisha pesa za vipeperushi kwenda kwenye paa. Kamati ilikaa, ikauliza maswali mawili, yote kuhusu paa, ikakubali.

Walijenga banda kwenye kiwanja cha kukodi, miti ya mikaratusi, mabati juu, pande zote wazi, na ndani chanja tatu za mianzi moja juu ya nyingine. Nilipokwenda, mvua ilikuwa inapiga bati hata hatusikilizani. Msichana alikuwa amesimama na mizani ya kuning'iniza, anapima makala kumi yale yale kila asubuhi na kuandika uzito kwenye daftari, mpaka siku uzito utakapoacha kushuka. Uliacha siku ya saba.

Siku ya nane tulipeleka ndoo moja kwa mama anayekaanga sambaza karibu na ziwa. Alipanga, akawasha, mafuta yakachemka, akakaanga sinia mbili, akageuza makala kwa koleo, akakaanga ya tatu. Akatikisa kichwa polepole, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Ndoo moja ni bei gani?"

Watano wale walitazamana. Walikuwa wamepima kila kitu kwa miezi mitatu, na bei hakuna aliyeihesabu. Msichana akaomba msamaha, akaketi kwenye kigoda kilichokuwa pembeni, akafungua daftari ukurasa mpya, akaanza kumuuliza mama yule anatumia makala ya kawaida ya franka ngapi kwa siku.